Steshenari ya Ngamiani iliyonichapia riwaya

Naandika hadithi za kisayansi na kujichapishia mwenyewe, kwa hiyo steshenari ndiyo kiwanda changu. Hii ya Ngamiani, Tanga mjini, jirani na barabara ya 12, nimepeleka mswada wa kurasa 214: wavuvi wa Tanga kwenye bahari za methani (gesi iliyogeuka kimiminika kwa baridi kali) za Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Shilingi 100 kwa ukurasa, spairo 3,000.

Wino umekolea, herufi hazichafui kidole. Umeme ulikatika katikati, nikakaa kwenye benchi hadi magharibi. Maji ya kunywa nilipewa, feni ndiyo hivyo tena. Nyumbani nikakuta ukurasa wa 88 hadi 91 umefungwa kichwa chini miguu juu. Nikarudi, wakarekebisha bure, bila kununa.

Ila kilichonikaa ni kijana wa mashine. Alikuwa anasoma huku karatasi zinatoka. “Shikamoo kaka, hii methani nzito kama maji?” Nikamwambia haifiki hata nusu. Akacheka: “Basi ngalawa yako umeipakia samaki wengi mno, itazama.”

Nimeichonga upya sura ya 6. Ushauri hakunitoza.