Tahadhari kuhusu chipu za Z80 zilizoandikwa upya

Ndugu zangu mnaofufua kompyuta za zamani hapa Dar es Salaam, naomba msome haya kabla hamjatuma fedha. Mwezi uliopita nilinunua chipu kumi kwa muuzaji wa mtandaoni anayedai kuwa na mzigo Kariakoo, zote zikiwa zimeandikwa Z84C0020PEC, yaani Z80 (chipu iliyokuwa ubongo wa kompyuta nyingi za zamani) zenye kasi ya megahezi 20, na nikamlipa kwa simu kwa kuwa alinitumia video ya mashine ikiwaka vizuri. Video ile haikuthibitisha lolote. Mashine yake ilikuwa ya megahezi 4, kasi ambayo hata chipu ya megahezi 6 huimudu bila shida. Nilipoziweka kwenye bodi yangu ya megahezi 20, saba hazikuwaka kabisa na tatu zilikwama baada ya dakika chache.

Ndipo nilipozigeuza. Juu zote zilikuwa na tarehe moja, lakini chini alama za kalibu zilitofautiana, jambo lisilotarajiwa kwa chipu zinazodaiwa kutoka katika fungu moja. Hizi ni chipu zilizong'olewa kwenye bodi chakavu, zikasuguliwa kwa msasa, zikapakwa rangi nyeusi, kisha zikaandikwa upya kwa leza. Kitundu kinachoonyesha mguu wa kwanza kilikuwa kimejaa rangi, na miguu, ingawa iling'aa, ilikuwa na mabaki ya risasi ya kuchomelea.

Pamba yenye asetoni iliondoa weusi kwenye nne. Hata hivyo, msiitegemee peke yake, kwa sababu rangi nyingine haziyeyuki kwa asetoni, na wino wa chipu halisi za miaka ya 1980 nao unaweza kufutika. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha programu: amri ya ED 71 (msimbo wa lugha ya mashine) hutoa namba 0 kwenye Z80 ya NMOS, teknolojia ya zamani, lakini hutoa 255 kwenye ile ya CMOS, teknolojia mpya zaidi inayotumia umeme mdogo. Herufi C katika Z84C humaanisha CMOS, na mbili kati ya zangu, nilipozijaribu kwa megahezi 4, zilitoa 0 na kupata joto kali, yaani ni za NMOS.

Tangu Zilog, kampuni iliyobuni Z80, ilipotangaza mwaka 2024 kwamba inasitisha kutengeneza chipu hii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, wanaoitafuta wana haraka, na muuzaji huyu anaitumia haraka hiyo. Mwombeni picha za pande zote mbili, na akikataa, msilipe. Mimi nilipodai fedha zangu alisema nimeziunguza mwenyewe, kisha akanifungia mawasiliano. Simtaji kwa jina la akaunti kwa kuwa tayari amelibadilisha.

Chipu zote, bahasha na ujumbe wa malipo nimevihifadhi kwa ajili ya malalamiko nitakayoyapeleka Tume ya Ushindani. Ikiwa nawe umeuziwa za namna hii, tafadhali usizitupe wala usimuuzie mwenzako.