Kibegi Kimoja cha Bafuni: Kwanza Safari ya Kiangazi, Halafu Chuo

Hamjambo jamani, karibuni tena. Leo mnaniona nimekaa sakafuni kwa sababu kitanda kimejaa nguo na kiti kimejaa chaja. Hapo nyuma yangu, kwenye kitasa cha mlango, kuna kibegi cheusi kinaning'inia. Huyo ndiye mgeni wetu. Msimkodolee macho sana kwanza, ana doa, na hilo doa lina kisa chake.

Mpango wangu uko hivi. Kiangazi hiki nasafiri wiki tatu, narudi nyumbani nalala siku nne, kisha nahamia chuo. Mwaka wa kwanza, bweni, bafu la kugawana na korido nzima. Ndiyo maana sikutafuta kibegi cha safari peke yake. Nilitaka kimoja ambacho nikirudi sikimwagi kitandani nianze upya, nakihamishia tu kwenye mlango mwingine. Mwezi uliopita nikakipeleka majaribio ya siku tano, pamoja na chupa, shampuu ya kipande, taulo na vikorokoro vingine. Vyote nimenunua kwa hela yangu. Majina ya kampuni siyataji, maana vitu hivi vinafanana kama vimezaliwa tumbo moja. Nazungumzia aina ya kitu, nembo mtachagua wenyewe.

Haya, kibegi. Ukikifungua kinashuka hivi, mnaona? Mifuko minne, miwili ina plastiki angavu, kwa hiyo unaona kilichomo bila kupekuapekua. Juu kuna kulabu inayozunguka, na kulabu ndiyo iliyonifanya nikinunue. Bafu la watu wengi halina rafu yako. Sakafu imelowa, ukingo wa sinki una nywele za mtu usiyemjua, na wewe mikono yote miwili imeshika taulo na nguo safi. Ukipata bomba, msumari, chochote cha kutundikia, umeshapata rafu. Chagua kulabu ya chuma, kwa sababu kibegi kikijaa kinakuwa kizito kuliko unavyodhani.

Kasoro? Ukijaza sana mfuko wa chini, hakikunjiki tena, zipu inagoma na wewe unaanza kukikalia. Halafu wanakisifia kwamba hakipitishi maji. Ni kweli, hakipitishi. Lakini kitu kisichopitisha maji hakipitishi kuingia wala kutoka, na hapo ndipo tunapofika kwenye doa.

Sikilizeni, maana hili hakuna aliyeniambia. Ndani ya ndege hewa haibaki kama ya chini. Kwa kawaida inawekwa kama ile ya mlimani, mahali penye mwinuko wa meta 1,800 hadi 2,400 hivi. Sasa chupa uliyoifunga ukiwa nyumbani imebeba hewa ya nyumbani. Ikifika juu, hewa ile inatanuka, inatafuta pa kutokea, na aliyekaa mlangoni ni losheni, kwa hiyo losheni ndiyo inayotangulia kutoka. Mimi nilikuwa naogopa chupa iliyojaa. Kumbe korofi ni ile iliyo nusu, kwa sababu nusu nyingine ni hewa tupu. Kondishona yangu ilikuwa nusu. Nafungua zipu nakuta dimbwi, mswaki unaogelea, pamba imekunywa imeshiba, na kibegi chetu kisichopitisha maji kimelitunza dimbwi lote kama amana.

Safari ya kurudi nikafanya tofauti. Chupa naiminya mpaka losheni ifike mdomoni kabisa, nafunga kifuniko nikiwa bado nimeiminya, na kabla ya kufunga naweka kipande kidogo cha mfuko wa plastiki juu ya mdomo. Halikutoka hata tone. Ukiwa na chupa ngumu isiyominyika, hicho kipande cha plastiki ndicho kinga yako, na isimamishe wima.

Chupa zenyewe ndizo hizi za silikoni, laini, mnaona zinavyobonyea. Kuminyika zinaminyika vizuri, na ukitaka tone la mwisho unalipata. Lakini jamani, zina tabia. Kwanza zinashika harufu. Hii nimeiosha mara tatu na bado inanukia kondishona. Pili, lebo haishiki. Nilibandika karatasi za gundi nzuri tu, siku ya pili zote ziko chini ya kibegi zimejikunja, na mimi niko bafuni nimejipaka sabuni ya uso kichwani. Sasa natumia rangi: ya kijani ni ya nywele, nyeupe ya mwili, basi. Tatu, kondishona nyingi zina silikoni ndani yake, tafuta neno dimethicone kwenye orodha ya viambato, na zikikaa muda mrefu kwenye chupa ya silikoni zinaweza kuifanya ivimbe na kunata. Kwa wiki tatu sina wasiwasi. Kwa muhula mzima bwenini, hapana, kondishona yangu itakaa kwenye chupa yake iliyotoka nayo dukani.

Uwanja wa ndege nitasema kidogo, mengi mnayajua. Kwenye begi la mkononi, kila chombo cha kitu cha majimaji au rojorojo kisizidi mililita 100, na vyote viingie kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja. Kinachopimwa ni ukubwa wa chombo. Chupa ya 200 yenye matone mawili inachukuliwa vilevile, usibishane. Dawa ya meno inahesabika. Deodoranti ya majimaji yenye kigololi cha kuzungusha inahesabika, ile ya kijiti kigumu haihesabiki. Sheria hii imenizidi umri: ilianza 2006, baada ya polisi wa Uingereza mwezi Agosti kuvunja njama ya kulipua ndege za kwenda Marekani na Kanada kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Sasa kuna viwanja vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza, na watu wanafurahi mapema. Uwanja wa London City waliondoa kikomo mwaka 2023, halafu Juni 2024 serikali ya Uingereza ikakirudisha. Na hata ukiondoka uwanja uliolegeza, utarudi kwa uwanja gani? Mimi nafunga kwa sheria kali zaidi, nalala usingizi.

Njia ya kuikwepa habari yote hiyo ni kubeba vitu vigumu, visivyo majimaji. Hii hapa shampuu ya kipande. Ukiipokea mkononi unaona ni sabuni tu, lakini ziko za aina mbili na wanaouza hawajisumbui kukueleza. Moja ni sabuni kweli, imepikwa kwa mafuta na kostiki soda. Ukisoma nyuma unaona sodium olivate au sodium palmate. Sabuni ya namna hiyo ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 9 au 10 hivi, wakati ngozi ya kichwa iko kwenye 5.5, na ukikutana na maji magumu, yenye chokaa, inaacha utando kwenye nywele. Unasuuza, unasuuza, nywele bado zina nta. Aina ya pili haina sabuni, ina visafishaji kama vile vya shampuu ya chupa ila vimekaushwa. Tafuta jina refu linaloanza na sodium cocoyl. Niliyonayo ni hiyo ya pili, na povu lake silidai kitu. Ninachodai ni kasha. Nilinunua kikopo kizuri cha bati, kinafunga kabisa, siku ya tatu shampuu imekuwa rojorojo na kifuniko kimeanza kutu. Kipande lazima kikauke. Kasha lenye matundu chini, au ukikate kabla ya safari, nusu moja ukaichukua na nusu nyingine ikabaki kavu.

Sasa losheni ya kukinga jua. Hapa ndipo nilipopiga hesabu nikacheka. Ile SPF, namba ya kinga ya jua iliyoandikwa kwenye chupa, inapimwa kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa mwili wa mtu mzima, kichwa hadi miguu, inafika kama mililita 30 kila ukipaka. Na unatakiwa kurudia kila baada ya saa 2, na tena ukitoka majini. Kwa hiyo ile chupa ya mililita 100 uliyoibeba kwa fahari ukasema itatosha wiki tatu, ni mipako mitatu. Ni siku moja ya ufukweni! Ukiona imekaa safari nzima, basi umekuwa ukijipaka kimvuli cha losheni. Uamuzi wangu: ndogo kwa ajili ya uso, na kubwa naiweka kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege au nainunua nikifika. Kati ya SPF 30 na 50 msigombane sana: ya kwanza inazuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, ya pili 98. Na ile chupa ya kiangazi cha mwaka jana iliyokaa kwenye gari, itazame nyuma, kuna kipicha cha kopo lililofunguliwa na namba ndani, 12M au 6M. Ndiyo miezi yake tangu uifungue.

Taulo ya mikrofaiba: inakauka haraka, haichukui nafasi, kujifutia nayo ni kama kujifuta na pazia. Naipeleka safari, chuo sipeleki. Msiifulie na dawa ya kulainisha nguo, itaacha kunyonya maji.

Nimebakiza hii. Tyubu ya dawa ya meno. Sina uchambuzi wowote juu yake, ina floraidi, inasafisha, kwaheri. Ila nataka niwaambie kitu.

Nyumbani kwetu dawa ya meno haiishi. Nimeishi miaka yote hii nikiamini hivyo. Inakonda, inakunjwa, inaminywa na mpini wa mswaki, halafu asubuhi moja unakuta nyingine imesimama palepale, mpya. Sijawahi kujiuliza nani anaiweka. Na sabuni vivyo hivyo, na karatasi za chooni. Siku ya pili ya ile safari ya majaribio nikamaliza ile tyubu ndogo ya safari, asubuhi, nikabaki nimesimama mbele ya kioo na mswaki mkavu kama mtu anayesubiri huduma. Nimesimama kweli, sitanii. Ilichukua muda kidogo kuelewa kwamba hakuna atakayekuja.

Chuo wametutumia orodha ya vitu vya kuleta. Shuka, taa ya mezani, kufuli. Hakuna mahali wameandika tyubu moja inamaliza wiki ngapi kwa mtu mmoja. Kwa hiyo angalieni, nimeandika tarehe ya leo hapa nyuma kwa kalamu isiyofutika. Nataka nijue. Nimeandika pia kwenye shampuu na kwenye deodoranti, na dada yangu amenicheka mpaka amekaa chini. Watu wa mwaka wangu, najua kwenye makundi yetu mnashindana kununua vitu vya mwaka mzima, makatoni. Mimi nimeacha. Sijui bado natumia kiasi gani, nitanunuaje cha mwaka?

Na jambo jingine dogo. Nyumbani nikiwa bafuni kila mara kuna mtu anagonga, "Hujamaliza tu?" Imekuwa kero yangu tangu utotoni. Kule safarini hakugonga mtu. Eti nikajikuta natoka mapema, sijamaliza hata kusuuza vizuri, kwa sababu ukimya ulikuwa mwingi. Sasa bafu la korido nzima nadhani kugongewa kutakuwepo, ila atakayegonga hanijui jina. Hilo nalifikiria kuliko masomo, niwe mkweli.

Basi, kibegi kinabaki. Nimekiosha, doa limegoma, twende hivyohivyo. Ndani: chupa mbili za silikoni badala ya nne, shampuu nusu kipande, deodoranti ya kijiti, tyubu yenye tarehe, pedi, kandambili zitakaa nje kwenye mfuko wake. Na mswaki mpya. Madaktari wa meno wanasema ubadilishwe kila baada ya miezi 3 au 4, kwa hiyo huu ninaoufungua leo utachoka nikiwa katikati ya muhula, na wa kuununua mwingine ni mimi.

Pakiti ilikuwa na miwili. Wa pili nilitaka niuweke hapa kama akiba, mama akautoa kwenye kibegi mbele yangu, akaenda nao bafuni, akausimamisha kwenye kikombe pamoja na yao. Huo siufanyii uchambuzi.