Mashine ya kubaindi ya shilingi 280,000: kabla hujalipa, shika hiki kizuio

Haya watu wangu, hamjambo, karibuni dukani Kansanga, hapa Kampala, leo sitaki hata salamu ndefu kwa sababu hii mashine iko mezani tangu juzi na kila nikiipita lazima niishike. Ni hii hapa. Mashine ya kubaindi ya mkono, yaani ya kuunganisha karatasi ziwe kitabu, ile ya plastiki ya meno, huku kwetu wengi tunaiita spairo tu hata kama si spairo, spairo yenyewe ni ule uzi wa plastiki unaozunguka kama springi, hii ni ya meno yanayofunguka na kujifunga, lakini wewe ukija ukasema spairo mimi nakuelewa, usijali.

Uzito wake, rangi yake, boksi lilikuwaje, hayo sitayagusa. Mashine kama hizi mmeshaziona, inatoboa, ina mkono, ina trei ya vile vipande chini, basi. Mimi nataka niwaonyeshe kitu kimoja. Mpwa wangu, shuka na kamera huku kushoto, karibu zaidi, zaidi, hapo. Mnaona hiki kiskrubu cheusi? Hiki ndicho kimenifanya nitoe hela.

Hiki kinafunga kizuio cha pembeni. Kizuio ni hiki kibati kidogo hapa, kazi yake ni kusimamisha karatasi, unasukuma karatasi hadi igonge hapa ndipo unashusha mkono. Mashine nyingi za bei ya chini kizuio chao ni cha plastiki, kinateleza kwenye mfereji, hakina cha kukifunga, unakiweka kwenye A4 unafanya kazi na kila ukigonga karatasi kinarudi nyuma kidogo, kidogo, wewe huoni. Hiki nikikaza hivi... sasa nakigonga kwa kiganja, sikilizeni. Tena. Hakijasogea hata unywele. Banange! Miaka sita nabaindi karatasi za watu, nilikuwa sijawahi kuwa na mashine yenye hiki kitu.

Ngoja niwaambie kwa nini nasumbuka na kibati. Hesabu ni hii, mkitaka andikeni. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Mashine inatoboa matundu 21, na kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine ni milimita 14.3 hivi, kwa hiyo kutoka tundu la kwanza hadi la mwisho, nafasi 20, ni karibu 286. Toa kwenye 297, zinabaki 11, gawa pande mbili, kila upande tano na nusu. Lakini tundu lenyewe lina upana wa milimita 8, yaani nusu yake 4 inaingia kwenye ile tano na nusu. Kilichobaki pembeni ni milimita moja na nusu ya karatasi. Moja na nusu! Ndiyo inashikilia jino la mwisho. Sasa kizuio kikiteleza milimita mbili, hilo tundu la mwisho si tundu tena, limekuwa mdomo wazi pembeni ya karatasi, na jino halina cha kushika.

Mashine yangu ya kwanza ilinifanyia hivyo hivyo. Mwanafunzi mmoja kaleta ripoti yake ya utafiti, kurasa 87, nakala tatu, kesho yake anapeleka kwa msimamizi wake. Nikaanza kutoboa, watu ni wengi dukani, mimi nasukuma karatasi, nashusha mkono, nasukuma, nashusha, kuja kuangalia nakala ya tatu nusu nzima imechanika pembeni. Nilichapa upya kwa karatasi zangu na wino wangu. Hela ile iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni yule kijana alivyokuwa anaangalia saa.

Haya, tujaribu. Nachukua karatasi 8, hizi hapa. Kumbuka boksi la mashine limeandikwa inatoboa 12 kwa mara moja, mimi naweka 8, msibishane na mimi kwa hili, ukijaza kila siku hadi mwisho meno ya chuma yanakuwa butu mapema na mkono unaanza kulegea. Nagonga chini zilingane, nagonga pembeni, naingiza, nasukuma kushoto hadi kwenye kizuio, nashusha. Sikia huo mlio, umekatika mara moja. Natoa. Sasa 8 nyingine. Na nyingine. Nyingine tena. Na la tano. Mpwa wangu usikate video hapa, waache waone ni kitu kimoja sijabadilisha.

—Shangazi, kivuli chako kinaingia.

Haya nimesogea. Sasa angalieni, nachukua karatasi ya kwanza kabisa kwenye fungu la kwanza, na ya mwisho kwenye fungu la tano, naziweka moja juu ya nyingine, naziinua kwenye dirisha. Mnaona mwanga? Unapita matundu yote 21, hakuna hata moja lenye kivuli cha karatasi ya nyuma. Sogeza kwenye lile la mwisho. Ona ile milimita moja na nusu imesimama. Yaani huu ndio uzuri wenyewe, karatasi 40 zimekuwa kama zimetobolewa siku moja na mkono mmoja.

Sasa nalegeza kiskrubu makusudi, ili iwe kama ile ya zamani. Nagonga karatasi kama mtu mwenye haraka anavyogonga. Fungu la kwanza sawa. La pili, mh. La tatu, leta kamera, leta kamera... mnaona hapo? Tayari limefungua pembeni. Mafungu matatu tu! Na mtu anakuuzia hiyo anakwambia mashine ni mashine.

Kuna jambo la kava pia. Ile plastiki angavu ya mbele usiitoboe pamoja na rundo la karatasi, inateleza, matundu yanakwenda upande. Toboa kava peke yake, na ile kadi ngumu ya nyuma peke yake. Kisha weka ile plastiki ya meno kwenye vidole vya mashine, vuta mkono huu wa pili, inafunguka kama mdomo, panga, kava ya mbele inalala uso chini, mtaona wenyewe baada ya mara mbili tatu, achia, imejifunga. Saizi ya plastiki watu wanakosea sana. Karatasi ya kawaida ya gramu 80, karatasi 100 ni kama milimita 10, sasa usichukue ya milimita 10 ukazibana, karatasi lazima zipumue zigeuke, chukua ya 12 kwa zile 90 hivi. Ikibana sana ukurasa unachanika kwa kugeuzwa tu.

Mtu aliniuliza kwenye komenti wiki iliyopita, je, si bora mashine ya waya? Waya ni mzuri, sikatai, matundu 34 kwa A4 kwa ile ya waya mwembamba, kitabu kinageuka kabisa hadi nyuma kinalala mezani, na ukishaubana huwezi kuufungua bila kuuharibu. Hapo ndipo unanishinda hata mimi. Hii ya meno mtu yeyote mwenye kucha anaweza kuifungua akatoa ukurasa akaifunga na hutajua. Kwa hiyo kama ni makaratasi ya zabuni au mkataba, mimi nakwambia wazi nenda waya, na uziandike namba kurasa zote, moja ya ngapi, ngapi ya ngapi. Lakini kwa ripoti ya mwanafunzi ambayo msimamizi ataikata kalamu nyekundu na kurudisha kurasa kumi zibadilishwe, waya ni hasara, kila mara unatupa waya mzima. Ya meno unafungua, unatoa, unaweka, unafunga. Zile za kubandika kwa moto nazo zinapendeza, lakini umeme ukienda unakaa unaangalia mteja.

Kitu kingine na hili nalisema kwa moyo. Mama mmoja wa Kongo huletaga makaratasi yake hapa, kayabeba kwenye kavera, ule mfuko wa plastiki, ya watoto, ya kliniki, barua za miaka mingi, yamekunjika, mengine yameanza kukatika kwenye mkunjo. Akaniambia dada, nibaindie yote yasipotee. Nikakataa kutoboa. Watu wangu, karatasi halisi haitobolewi! Cheti cha shule, kyapa yaani hati ya shamba, kadi ya kuzaliwa ya mtoto, mashine hii usiikaribishe huko. Tulitoa fotokopi za vyote tukabaindi kopi, na zile halisi tukaziingiza moja moja kwenye mifuko ya plastiki ile yenye matundu pembeni, tukaziweka kwenye boksi faili. Sasa anatembea na kopi, halisi zimelala nyumbani. Na hata hiyo iliyobaindiwa, kava inalinda mbele na nyuma tu, pembeni kuko wazi, ukipanda boda na mvua ya Kampala bila kuiweka kwenye ile bahasha ya plastiki ya kitufe, utafika na uji.

Bei. Nilinunua Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji hapa Kampala, shilingi 280,000 za Uganda, mwenye duka alianzia juu sana nikakaa nikamngoja. Duka la jirani lilikuwa na nyingine ya 190,000, na nilikuwa karibu kuichukua, kusema kweli mkono ulikuwa kwenye pochi, nikashika kizuio kikacheza, nikarudisha. Mimi nabaindi kwa 3,000, nikitoa plastiki, kava na kadi nabaki na kama 1,500, kwa hiyo kazi 187 hivi mashine imejilipa. Mwanzo nilisema kwenye live kwamba 280,000 ni nyingi kwa mashine ya mkono, naibadilisha hiyo kauli, ile hasara ya kurasa za yule kijana peke yake ilikuwa imenionyesha.

Kinachonikera kwenye hii ni trei. Ni fupi, inajaa haraka, na usipoimwaga vile vipande vinarudi juu vinaziba matundu, unashusha mkono unaona ni mgumu unadhani mashine imeharibika, kumbe ni takataka. Imwage kila baada ya kazi mbili.

Chaneli sasa. Tumevuka elfu nne, asanteni sana, na wale wanaouliza kwa nini siongei Luganda wakati niko Kampala, wateja wangu hapa wengi ni wanafunzi wa Kenya na Tanzania na ndugu zetu wa Kongo, halafu baraza la mawaziri lilishakubali Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi Uganda, mimi niko kazini tu. Sabskraibu. Alhamisi nitakuwa live, na wiki ijayo nimeahidiwa kuazimwa mashine ya waya, nitaipitisha kwenye jaribio hili hili la dirisha.

Ukienda kununua, beba karatasi zako 40 kutoka nyumbani, usitumie mbili anazokupa muuzaji. Toboa mafungu matano, gonga kwa nguvu kama siku ya wateja wengi, kisha chukua ya kwanza na ya mwisho uziinue kwenye mwanga. Akikukatalia kujaribu, duka la pili liko hatua tano.