Tulum nitarudi, lakini si kwa basi lile

Nilijiambia nisiandike hasira zikiwa bado moto. Wiki zimepita, hazijapoa, basi acha niandike hivyo hivyo.

Mimi na mume wangu tulikuwa Cancún, Mexico, siku tano, mara ya kwanza bila watoto tangu tuhamie Houston. Safari ya Tulum, magofu ya mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa huko, tuliinunua kwa wakala aliyeweka meza pale mapokezi ya hoteli. Kijana mcheshi kweli. Ahadi: masaa matatu kwenye magofu, kisha kuogelea baharini.

Basi lilichelewa. Hilo silihesabu, mimi ni mtu wa Malindi, mabasi nayajua. Hata hatujafika mbali ikapitishwa karatasi: andika jina lako, utaandikiwa kwa herufi za Kimaya. Nikadhani ni zawadi! Nikaandika la kwangu na la mume wangu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kumbe tunapelekwa dukani. Tukakuta majina yetu yanatusubiri kwenye vidani vya fedha, kimoja dola sabini. Tukasema hapana, asante. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima, tunazunguka baina ya chupa za tequila (sisi, ambao hata hatunywi), na tangu hapo mwongozaji wetu akawa hatuoni tena.

Tulum tulifika jua la utosi, na kivuli pale ni cha kutafuta. Lakini, jamani, mahali penyewe! Ukuta pande tatu, upande wa nne ni jabali na bahari ya rangi ya feruzi. Unaingia kwa mlango mwembamba uliopenya ndani ya ukuta, na ukuta ni mnene kweli. Hilo jina Tulum lenyewe kwa Kimaya ni ukuta. Mimi nimekulia karibu na magofu ya Gede, na huu mji ulikuwa unavuma karne zile zile za 13 hadi 15, wakati Gede nayo ina watu wake. Tofauti ni kwamba Gede utakuta kima, huku ni mijusi mikubwa kama kenge, imejianika juu ya mawe kama wenye nyumba.

Sasa sikilizeni. Mbele ya lile jengo kubwa, Castillo, ambalo huruhusiwi kulipanda, mwongozaji akaeleza kuwa upande wa baharini juu kuna vidirisha viwili. Inasemekana taa ziliwashwa humo usiku, na mwenye mtumbwi akiziona zote mbili kwa pamoja anajua yuko sawa na mlango wa mwamba, apite bila kupasua chombo. Mume wangu ni mtoto wa mvuvi. Alisisimka! Kwetu manahodha wanalenga vivyo hivyo, mnara wa msikiti na mvinje fulani. Akauliza: je, maji yakitoka? Na upepo unavuma kutoka wapi?

Yule bwana akatazama saa, akapiga makofi mawili kama anayefukuza kuku, akasema maswali ni ya wale waliolipia mwongozaji wa peke yao. Mbele za watu! Baba Salma hakujibu. Alivua kofia, akaivaa tena. Tukapewa dakika ishirini na tano. Dukani saa nzima, magofuni dakika ishirini na tano!

Kuogelea je? Ngazi ya kushukia ufukweni ilikuwa imefungwa, na mwani wa kahawia umejaa chini unanuka. Mwani si kosa lao. Lakini waliotuuzia walikuwa wakijua.

Nikisema ukweli, yule bwana kazi yake anaijua. Bila yeye vile vidirisha tungevipita tu. Ndiyo inayoniuma zaidi, ningependa awe mjinga nimalize.

Nendeni wenyewe. Kuna mabasi ya kawaida kutoka Cancún, magofu yanafunguliwa saa mbili asubuhi, bebeni maji, kofia na peso taslimu.

Nilikuwa nimeweka nyota moja. Baba Salma amesoma hapa begani kwangu, anasema niongeze moja ya vidirisha. Haya, mbili. Lakini hiyo ni ya waliojenga.