Kutambuliwa kwa sarafu za kale Mji Mkongwe: duka dogo na vipande sita vilivyonishinda

Marehemu bibi yangu wa Wete aliacha kopo la maziwa ya unga lenye vipande 63 vya sarafu, na baada ya arubaini yake nilipewa mimi kazi ya kuviorodhesha kwa ajili ya mirathi. Vipande 57 havikunipa taabu. Nyingi zilikuwa senti za tundu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zenye pembe za ndovu pembezoni mwa tundu, ambazo Zanzibar ilianza kuzitumia mwaka 1936 ilipoachana na rupia. Na palikuwa na riale moja ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, yenye mwaka 1780, mwaka ambao uliendelea kuandikwa hata kwenye riale zilizopigwa zaidi ya miaka mia baadaye. Vipande sita vilivyobakia sikuvijua, na kimoja kati yao kilikuwa kimeshazusha maneno katika familia, kwa sababu mashangazi zangu waliamini kuwa ni pauni ya dhahabu na tayari walikwisha kukihesabu katika mafungu.

Mfanyabiashara wa kwanza niliyemwendea alivichota kwa kiganja, akasema ni vyuma vitupu, na akataka kuvinunua kwa kilo. Hakusoma herufi hata moja. Ndipo jirani aliponielekeza kwenye duka dogo la vitu vya kale, katika kichochoro kilicho nyuma ya mtaa wa Gizenga, ambako mzee mwenye duka hutambua sarafu kwa shilingi 3,000 kwa kila kipande.

Nilimwamkia, akaniitikia: "Marahaba mwanangu. Viweke kimoja kimoja, usivimwage." Alitandika kitambaa cha pamba, akatoa mizani ya sonara, sumaku, rula na kioo cha kukuzia, kisha akaanza kuandika katika daftari uzito, upana, hali ya ukingo na kila herufi inayosomeka, na hakutamka neno lolote juu ya asili ya kipande mpaka safu zote zilipojaa. Utaratibu huo ndio ninaousifu kuliko kitu chengine chochote dukani hapo, kwani anayeanza kwa kukisia jina hulazimika baadaye kuyapindisha maandishi yaufuate ukisiaji wake.

Kile kilichodhaniwa kuwa pauni kilikuwa na kikuku kilichochomelewa juu, ishara kwamba kiliwahi kuvaliwa kidanini. Upande mmoja una kichwa cha Malkia Victoria, na upande wa pili una mpanda farasi aliyevaa taji, mwaka 1837 na maneno TO HANOVER, yaani "kwenda Hanover". Upana wake unakaribiana na wa pauni ya Kiingereza, lakini pauni halisi ina uzito wa karibu gramu 8, na hiki, pamoja na kikuku chake, hakikufika hata gramu 4. Dhahabu haiwezi kuwa nyepesi kiasi hicho kwa ukubwa ule; ni shaba ya manjano. Mzee alinieleza kwamba mwaka huo Victoria alirithi ufalme wa Uingereza, lakini sheria ya Hanover, ufalme wa Ujerumani uliokuwa na mfalme mmoja na Uingereza, haikumruhusu mwanamke kurithi huku wanaume wa ukoo wapo, na kwa hivyo ami yake, Ernest Augustus, akaenda kutawala huko. Vipande hivi vilitengenezwa kwa kumkejeli, vikatumika kuhesabia katika michezo ya karata, na walaghai wakavipitisha kwa watu wasiojua kusoma Kiingereza kana kwamba ni pauni. Tokeni ya namna hii, yaani kipande kinachofanana na sarafu lakini si fedha halali, haikutolewa na dola yoyote, na hilo alilirudia mara mbili ili niliandike.

Cha pili nilikidhani tokeni ya duka kwa sababu kina picha ya mizani. Aliniwekea kioo nikasoma, baina ya vitanga viwili, neno "adl" (uadilifu) kwa herufi za Kiarabu, na upande wa pili nembo ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki: ni robo ana ya Bombay ya miaka ya 1830 (ana ilikuwa sehemu moja ya kumi na sita ya rupia). Kisha akachukua kipande changu cha tatu, kilicholika mpaka kimekuwa laini kama ukucha, akakiinamisha chini ya mwanga wa pembeni, na mizani nyengine ikajitokeza polepole, pamoja na tarakimu za mwaka 1299 wa Hijria. Ilikuwa pesa, yaani sarafu ndogo ya shaba, ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Kuziona mbili hizo zimelala pamoja kwenye kitambaa kulinigusa sana, kwa kuwa Barghash mwenyewe aliwahi kuishi Bombay alipohamishwa baada ya ugomvi wake na ndugu yake Sayyid Majid, sultani aliyemtangulia, kabla ya kukalia kiti mwaka 1870.

Cha nne kilikuwa kifungo cha sare kilichokatika kikonyo. Viwili vya mwisho ni visahani vya shaba vyenye tundu na nambari 47 na 112 tu, bila ya jina, mji wala mwaka. Alisema vimepigwa kwa mkono, nambari moja baada ya moja, na kwamba vya aina hiyo hupewa wafanyakazi au hufungwa kwenye mizigo. Mwenyewe wa asili alikataa kumtaja, na fedha ya vipande hivyo viwili hakuipokea.

Yapo ya kurekebishwa. Duka hufunguliwa baada ya alasiri tu, kiti ni kimoja, na karatasi ya majibu huandikwa kwa penseli bila ya muhuri, jambo linaloudhi kwa mtu anayeihitaji kwa shughuli za mirathi. Ilinibidi nimwombe aiandike upya kwa wino, akakubali. Anayekwenda asisafishe kitu. Mimi nilikuwa nimeisugua robo ana kwa ukwaju, na mzee alinionesha mikwaruzo niliyoiacha ambayo haitaondoka tena.

Kipande cha Hanover tumekitoa katika hesabu ya dhahabu. Shangazi yangu mkubwa, aliyemkumbuka bibi akikivaa siku za Idi, amekiomba kwa warithi wenzake, nao wameridhia.