Madunge ya nazi ya Mikindani

Mimi ni mtu wa jikoni. Napika pilau na biriani za oda kwangu Kisauni, Mombasa, na nikikaribishwa mezani kwa mtu jicho langu huenda kwenye tui kabla halijaenda kwenye nyama. Basi nikisema chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula mwaka huu nilikikuta Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, sisemi kwa kuwafurahisha wenyeji.

Tulivuka mpaka pale Horohoro mimi na mdogo wangu kwa ajili ya harusi ya binamu yetu. Tanga, Dar es Salaam, kisha basi la kusini lililotuharibikia baada ya Nangurukuru, tukakaa saa tatu kando ya barabara na watoto wa watu wanalia njaa. Mtwara tuliingia usiku wa manane. Harusi ilikuwa nzuri na tulishiba, sina neno. Siku ya tatu shemeji yetu akasema, "Nyinyi mmekula chakula cha shughuli. Chakula cha huku hamjakila bado." Akatupakia kwenye bajaji.

Mgahawa wenyewe hauna kibao. Ni nyumba ya mawe ya zamani, karibu na ghuba, sebule imewekwa meza nne na barazani kuna mkeka. Baba anachoma samaki uani. Mama anakuna nazi. Kijana wao, umri wake haujazidi miaka ishirini na kidogo, ndiye anayepokea wageni. Karatasi ya vyakula hakuna. Alisimama mbele yetu akataja: changu wapo, pweza yupo, wali, ugali wa muhogo. "Mboga nitamuuliza bibi, yeye ndiye anayepika."

Kwetu Mombasa kijana akisema "bibi" namwelewa anamtaja mkewe, kwa hiyo nilitazamia msichana. Akatokea mzee wa miaka sabini na zaidi, kanga mbili, mgongo umenyooka. Nikasimama. "Shikamoo nyanya." "Marahaba mwanangu, hamjambo nyote? Karibuni. Leo nina kisamvu, na nina korosho mbichi."

Hizo korosho mbichi ndizo zilizonifanya niandike. Jamaa zetu wa Pemba huziita madunge: korosho changa, ganda bado kijani, kabla halijakauka. Neno nalijua tangu utotoni lakini chakula chenyewe sijawahi kukionja. Tulifika mwanzoni mwa Septemba, na Mtwara wakati huo mikorosho imeshabeba. Nikaomba kwa adabu niingie jikoni nione. "Ingia, ila usiguse," akasema.

Sababu ya kutogusa niliiona. Ganda la korosho lina utomvu unaounguza ngozi, na kwenye ganda bichi umejaa. Bibi alikuwa amepaka mikono mafuta, ana bakuli la majivu pembeni. Anashika dunge, kisu kinapita katikati mara moja, linafunguka vipande viwili, na kwa ncha ya kisu anachokoa kiini cheupe anakitupa kwenye maji. Kila baada ya madunge matano sita anapangusa kisu kwenye majivu. Hakuwa anatazama mikono yake, alikuwa ananitazama mimi na kuniuliza habari za Mombasa. Ncha za vidole vyake viwili vya kulia zilikuwa nyeusi, ngozi imekakamaa kama ya kisigino. Nilihesabu kimoyomoyo: sahani moja ya watu watatu si chini ya madunge mia moja.

Nikamuuliza, si hasara kuyachuma sasa? Maana korosho huko ndiyo pesa. Kuanzia Oktoba zinapelekwa ghalani, zinapigwa mnada, na kila dunge linalochumwa leo ni korosho isiyofika kwenye mizani. Akajibu bila kuinua sauti: "Za mnada zina siku yake. Hizi za tumbo."

Tulisubiri karibu saa mbili. Nawaambia wazi ili asije mtu na njaa yake akalalamika. Hapo hakuna kilichopikwa jana kikapashwa moto, isipokuwa wali, na wali kweli ulitujia vuguvugu. Katikati kijana alituletea sahani ya ming'oko, mizizi ya porini inayochimbwa wakati wa kiangazi. Ni myembamba kama vidole, inachemshwa na ganda lake, unaivuta kwa meno ganda likabaki mkononi, kisha unachovya kwenye chumvi na pilipili. Ina utamu wa mbali, wa udongo, na ukianza huachi. Mdogo wangu alimaliza sahani ya kwanza peke yake akaona haya, kijana akaleta ya pili bila kuulizwa.

Halafu chakula kikaja chote kwa pamoja. Changu wa makaa, chumvi, ndimu na pilipili basi. Sisi Mombasa tungempaka tui na ukwaju, na naipenda kupaka, ndiyo kazi yangu. Lakini samaki aliyetoka baharini asubuhi ile hakuhitaji kusaidiwa. Kisamvu kilitwangwa kwenye kinu hadi kikawa laini kabisa, kimeungwa kwa korosho zilizopondwa, kizito, kinang'ang'ania tonge. Ugali wa muhogo kwa mtu aliyezoea sima ya mahindi unamshangaza mwanzo, maana unavutika, lakini kwa kisamvu kile sitaki tena mwingine.

Na madunge. Yalipikwa kwa tui jepesi pamoja na kitunguu, nyanya na manjano kidogo, tui zito likaingia mwisho, moto umeshapunguzwa. Nilijua kwa kutazama tu kwamba halikukatika. Kiini kinakuwa laini kama kunde mbichi, lakini kina mafuta yake na utamu ambao korosho ya kukaanga inaupoteza. Nilikula taratibu. Nilitaka kujua chumvi iliingia saa ngapi, na mpaka leo nadhani aliiweka mwisho kabisa, pamoja na tui zito.

Kasoro moja kubwa: pweza. Alikuwa mgumu, hakuchemshwa vya kutosha kabla ya kuungwa. Nilimwambia mama mwenye nyumba polepole, mtu wa jikoni kwa mwenzake. Alionja kipande, akatikisa kichwa, akasema "kweli, mwanangu," na alipopiga hesabu hakumtia. Tulilipa shilingi 28,000 za Tanzania kwa watu watatu, tumekula tukashindwa kuinuka. Pesa shika mkononi, tena ya Tanzania. Mimi nilikuwa na za simu kwenye laini ya Kenya, hazikunifaa kitu, shemeji ndiye aliyetoa.

Wakati wa kuaga bibi alitoka mpaka barazani na mfuko wa ming'oko iliyochemshwa, "ya njiani." Kesho yake tulikuwa tukiimenya ndani ya basi, na ilituishia Mingoyo.

Ukienda, tuma mtu asubuhi apeleke habari kwamba mnakuja, ili bibi apate muda wa kupasua. Na ukifika, ulizia madunge kwanza, samaki baadaye. Msimu wake ni mfupi na sahani zenyewe ni chache.