Mwaka mmoja na barua za Flaubert: uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa fasihi. Natafsiri hati: mikataba, ripoti za mashirika, vyeti vya ndoa vya watu wanaowafuata wenzi wao Ubelgiji. Kifaransa nilikipata shuleni Bujumbura, kwetu ni Kigoma, kazi iko Dar es Salaam. Mwaka jana nilipewa kazi iliyonielemea. Nikawa naandika sentensi moja na kuifuta asubuhi nzima. Rafiki yangu akaniambia, kasome barua za Gustave Flaubert, yule mwandishi wa riwaya wa Ufaransa wa karne ya 19, utacheka kisha utarudi mezani. Kucheka nilicheka. Mezani nilirudi baada ya wiki mbili.

Nilianza na kitabu kidogo cha barua zilizochaguliwa. Bei nafuu, kinaingia kwenye mkoba, na kwa mtu wa daladala hilo si jambo dogo. Ila nyingi zimekatwa. Unabakiziwa yale maneno makubwa juu ya sanaa. Kuna barua ya tarehe 16 Januari 1852, anaposema angependa kuandika kitabu kisichohusu kitu chochote, kilichosimama kwa nguvu ya mtindo tu. Kuna ya Machi 1857, kwamba msanii awe ndani ya kazi yake kama Mungu ndani ya uumbaji: haonekani, lakini yumo. Mazuri sana. Baada ya kurasa sitini nikajiona kama nimealikwa karamuni nikapewa mchuzi, kijiko baada ya kijiko, wali hakuna.

Ndipo nikatafuta toleo kamili, lile la mchapishaji Gallimard katika mfululizo wake wa Pléiade. Ni juzuu tano. Ya kwanza ilitoka 1973 na ya mwisho 2007. Mhariri Jean Bruneau alifariki kabla ya kumaliza, Yvan Leclerc akaikamilisha. Juzuu moja mpya inapita yuro 60, kwa hiyo nikaagiza ya pili, iliyokwishatumika, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Akaniletea ya tatu. Tukaandikiana barua zetu wenyewe mwezi mzima, na hakuna hata moja iliyostahili kuhifadhiwa, mpaka ya pili ikafika, ukingo umelika kidogo lakini kurasa zote zimo.

Kwa nini ya pili? Kwa sababu inaanzia Julai 1851 na kuishia Desemba 1858. Humo ndani Flaubert anarudi kutoka safari ya Mashariki, anaanza riwaya yake Madame Bovary, anaandika karibu miaka mitano, anashtakiwa mahakamani kwa kuvunja maadili, anaachiwa Februari 1857. Karatasi ni nyembamba kama za Biblia, kurasa zaidi ya 1,500, na maelezo ya mhariri yamerundikwa nyuma, kwa hiyo unasoma na vidole viwili vimebanwa sehemu mbili tofauti. Hilo limenikera mpaka leo. Tarehe nyingi zimo ndani ya mabano ya mraba, kwani mwenyewe alikuwa anaandika tu "Alhamisi usiku, saa saba", basi. Kuna watu walikaa miaka na mihuri ya posta wakikokotoa ni Alhamisi ipi.

Sasa utamu wake. Mchana na jioni anahangaika na riwaya nyumbani Croisset, kando ya mto Seine karibu na Rouen, yeye na mama yake na mpwa wake mdogo. Usiku wa manane anaweka riwaya pembeni na kumwandikia mpenzi wake Louise Colet aliyeko Paris. Riwaya ameipima kwa mizani ya dhahabu. Barua anaimwaga kama mtu aliyerudi shamba na jembe bado liko begani. Januari 1853 anamwambia kwamba wiki iliyopita ukurasa mmoja ulimchukua siku tano. Siku tano! Mimi niliyekuwa najilaumu kwa aya ya asubuhi moja nilisimama, nikaenda kuchemsha chai.

Halafu ile ya tarehe 23 Desemba 1853, ambayo kila mteuzi wa barua anaiweka, ila wengi wanaanzia katikati. Katikati ndipo anaposema ni raha kuandika na kutokuwa wewe tena. Kwamba siku ile alikuwa mwanamume na mwanamke kwa pamoja, amepanda farasi msituni mchana wa vuli chini ya majani ya manjano, na alikuwa pia farasi, majani, upepo. Sawa. Lakini mwanzo wa barua anasema lazima awe anampenda kweli hata amwandikie usiku ule, maana amekwisha, kichwani ni kama amevishwa kofia ya chuma. Ameandika tangu saa nane mchana, ameacha dakika 25 tu za chakula cha jioni. Ukikata hizo dakika 25 na hiyo kofia ya chuma, farasi na majani yanabaki kuwa mashairi. Ukiziacha, unamwona mtu aliyechoka ambaye kazi imemwendea vizuri siku moja kati ya nyingi mbaya. Ni kwa ajili ya hayo nasema: msinunue chaguo. Nunueni hata juzuu moja, lakini nzima.

Wakataji wa barua hizi wamekuwepo tangu mwanzo. Mpwa wake Caroline, aliyelelewa naye baada ya mama yake, dada wa Flaubert, kufariki 1846, ndiye aliyezichapisha mara ya kwanza, kati ya 1887 na 1893, akapunguza na kurekebisha asichopenda watu wakione. Namwelewa. Nani angependa mjomba wake asomwe na umma akieleza majipu yake, madeni yake, na alichofanya Misri? Maana safari ya Misri ya 1849 na 1850 ina barua za aina mbili: kwa mama, mahekalu na jua na afya yangu njema, kwa rafiki yake Louis Bouilhet, madanguro, bila kufunika chochote. Hizo za pili nyingine sikuzimaliza. Anawazungumzia wanawake wa kule kama mtu anayesimulia bidhaa sokoni, na kwamba sentensi imekaa vizuri haikunisaidia kitu.

Mkataji mwingine ni yeye mwenyewe. Mwaka mmoja kabla ya kufa alichoma rundo la barua alizokuwa ametunza. Za Louise kwake karibu zote zimepotea. Kwa hiyo miaka yote hiyo unasikia upande mmoja tu, kama umekaa jirani na mtu anayeongea kwa simu kwenye basi la mkoani. Mwanzoni unamwamini anayeongea. Baadaye unaanza kujiuliza yule wa pili amesema nini. Louise hakuwa mtu wa kuonewa huruma hivi hivi: mshairi, amemzidi Gustave miaka 11, alitunukiwa mara nne na Académie française, taasisi kuu ya lugha ya Kifaransa. Gustave anamsahihishia mashairi kama karani wa forodha, anaahirisha kuonana, akikubali ni Mantes, nusu ya njia ya reli, na kwa mama hataki kumpeleka kabisa. Kufika 1854 nilikuwa upande wa Louise waziwazi. Bahati nzuri juzuu ya pili ina kumbukumbu zake nyuma kabisa, alizokuwa akijiandikia. Zisomeni sambamba na barua, msisubiri mwisho kama nilivyofanya.

Barua ya mwisho kwa Louise ni ya tarehe 6 Machi 1855, mistari michache. Amesikia kwamba jana jioni bibi alijisumbua kufika kwake mara tatu. Hakuwepo. Na anamwarifu, kwa adabu, kwamba hatakuwepo kamwe. Anayejua Kifaransa ataona kisu kilipo: miaka yote alimwita *tu*, "wewe" ya watu wa karibu, hapa ni *vous*, ile ya heshima na umbali. Nimejaribu kuileta kwa Kiswahili nikashindwa, sisi heshima hatuifungi kwenye kiwakilishi. Labda umwite "Bibi" na uache jina. Louise aliandika maneno matatu juu ya barua ile: *lâche, couard et canaille*. Mawili ya kwanza yote ni mwoga, la tatu ni mhuni. Mfasiri atajijua.

Kwa wasio na yuro: Kituo cha Flaubert cha Chuo Kikuu cha Rouen kimeweka barua zote kwenye tovuti tangu 2017, zaidi ya 4,000, bure. Unatafuta kwa tarehe, kwa jina la aliyeandikiwa, au kwa neno, na nyingi zina picha ya karatasi yenyewe kwa mwandiko wake. Kwenye simu herufi ni ndogo na picha zinakula bando, kwa hiyo tumia kompyuta kama unayo. Hapo ndipo nilipoitafuta ile "Madame Bovary ni mimi" ambayo kila mtu anamnukuu. Haimo. Hakuna barua hata moja yenye maneno hayo, na mimi nimewahi kuyaweka kwenye utangulizi wa tafsiri ya mtu.

Kwa njia hiyo hiyo ya bure nimesoma za uzeeni. Za kubadilishana na George Sand, mwandishi mwanamke aliyetumia jina la kiume, ndizo nilizozipenda kuliko zote, kwa sababu hapa pande zote mbili zipo na mama yule hatishwi. Gustave analia kwamba dunia imeoza. Yeye anamjibu kwa habari za wajukuu na kumwambia atembee kidogo. Mwaka 1875 mume wa Caroline alikaribia kufilisika, mjomba akauza shamba lake la Deauville kumwokoa, na tangu hapo barua zinanuka madeni. Sand akafariki Juni 1876, wakati Gustave yuko katikati ya hadithi fupi aliyokuwa akimwandikia yeye, ya mtumishi wa nyumbani na kasuku wake.

Nyota nne. Ya tano imebaki na yale maelezo ya nyuma. Anayetaka kuonja kwanza aingie kwenye tovuti, aandike 23 Desemba 1853, asome kuanzia mstari wa kwanza. Juzuu ya tatu ninayo, haijafunguliwa, kama kuna anayeihitaji tuelewane bei.